Nyumba yako, kiwanja cha mwenzio: siku kumi za Unity, Septemba 2023

Aliyekulia Mombasa anaijua habari ya nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba yake, anaipiga plasta, anaozesha binti zake humo, lakini kiwanja ni cha mwingine na kila mwezi kuna kodi ya ardhi. Kodi yenyewe huwa ndogo, watu huisahau. Huikumbuka siku mrithi wa mwenye ardhi, ambaye hawajapata kumtia machoni, anapoleta barua ya wakili.

Kisa ninachokichambua hapa hakikutokea Mombasa. Kilitokea kwenye kompyuta za watu wanaotengeneza gemu wakiwa peke yao, au wawili watatu, bila kampuni kubwa nyuma yao. Mwenye ardhi ni kampuni ya Unity, inayotoa zana za kutengenezea gemu, na barua ilifika Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023. Wengi wanaokisimulia hukiita kisa cha bei. Mimi nakiona zaidi kama kisa cha maktaba: nani aliijenga, rafu zilikuwa za nani, na wasomaji walifanya nini walipoambiwa kuna kiingilio.

Swali lililozaa kampuni

Mwezi Mei 2002, Mdenmark aitwaye Nicholas Francis aliandika ombi kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa programu za michoro. Alikuwa anahangaika na sheda, yaani vile vijiprogramu vinavyoiambia kompyuta ipake vipi rangi, mwanga na kivuli, naye akatafuta wa kushirikiana naye. Aliyemjibu ni Joachim Ante, mwanafunzi wa sekondari Berlin. Hawakuwa wakifahamiana. Baadaye David Helgason akajiunga nao, wakaweka makao Copenhagen, na mwaka 2004 wakaanzisha kampuni. Gemu yao ya kwanza, GooBall, ilitoka 2005 na haikuuza. Lakini zana walizojiundia ili kuitengeneza zilikuwa bora kuliko gemu yenyewe, basi wakaamua kuuza zana.

Zana za namna hiyo huitwa injini ya gemu. Ndani yake kuna kazi zote za kuchosha ambazo kila gemu inazihitaji: kuchora picha mara 60 kwa sekunde, kujua mpira umegonga ukuta, kucheza sauti, kupokea kidole kwenye kioo cha simu. Ukiwa na injini, unaanza na wazo lako. Bila injini, utatumia mwaka mzima kumfanya mtu asimame tu bila kuzama sakafuni.

Mwaka 2009 Unity ikatoa toleo la bure, na hapo watu wakamiminika. Ilikuwa zama za simu janja kuingia mikononi mwa kila mtu, na Unity ilikuruhusu kuandika gemu mara moja kisha kuifungasha kwa iPhone, Android na kompyuta. Walimu wakaifundisha vyuoni. Vijana wakajifundisha vyumbani.

Sasa hapa ndipo penye uzito wa kisa, na naomba tukae kidogo. Unity ambayo watu waliipenda haikuwa ile programu peke yake. Ilikuwa pamoja na miaka kumi na tano ya majibu. Uko Dar es Salaam saa saba usiku, mhusika wako anapita katikati ya ukuta kama jini, hujui kosa liko wapi. Unanakili maneno mekundu ya kosa, unayatafuta, na unakuta mtu wa Poland aliuliza hilohilo mwaka 2014, mwingine wa Brazil akamjibu kwa mistari kumi ya msimbo, yaani maandishi ya programu, na wa tatu akaongeza kuwa mstari wa sita una hitilafu kwenye matoleo mapya. Unalala umeshinda. Chaneli ya Brackeys ya kule Denmark ilianza mwaka 2012 na kwa miaka minane ikafundisha watu wasiohesabika kwa video za bure. Kulikuwa na duka la Unity ambamo watengenezaji waliuziana miti, sauti za nyayo, na mifumo mizima ya mazungumzo. Vikundi vya watumiaji vilikutana mijini, watu wakionyeshana kazi zao.

Yote hayo yaliitwa ya Unity, lakini sehemu kubwa haikuandikwa na mfanyakazi yeyote wa Unity. Ni watu waliotoa walichojua, wakitarajia tu kwamba kesho na wao watasaidiwa. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angekuambia thamani ya hicho kitu: duka likishapata wateja wanaohudumiana wenyewe kwa wenyewe, mwenye fremu hana kazi kubwa tena. Na mpangaji naye hawezi kuhama kirahisi, maana wateja wamezoea pale.

Senti 20

Tangazo la tarehe 12 Septemba lilianzisha ada mpya, kuanzia 1 Januari 2024, kwa kila mara gemu iliyotengenezwa kwa Unity inaposakinishwa, yaani inapowekwa kwenye simu au kompyuta ya mchezaji. Kwa walio kwenye toleo la bure, ada ingeanza gemu ikishaingiza dola 200,000 ndani ya miezi 12 na ikishasakinishwa mara 200,000 tangu izaliwe. Ukishavuka mistari yote miwili, kila usakinishaji mpya ni senti 20 za Marekani. Kwa nchi zilizo nje ya orodha ya matajiri, zetu zikiwemo, kiwango kilikuwa senti 2. Waliolipia toleo la Pro, kama dola 2,040 kwa mwaka kwa kila mtumiaji, mistari yao ilikuwa mbali zaidi: dola milioni 1 na usakinishaji milioni 1, na viwango vyao vilishuka kadiri idadi ilivyopanda.

Kwa gemu inayouzwa dola 20, senti 20 si kitu. Balaa liko kwa gemu za simu za bure. Chukua gemu inayoingiza dola 250,000 kwa mwaka kwa matangazo, na inayopakuliwa mara 500,000 kila mwezi katika nchi tajiri. Hiyo ni mara milioni 6 kwa mwaka. Kila anayeipakua anakuletea senti 4 na ushei, na wewe unadaiwa senti 20 juu yake. Mwisho wa mwaka unadaiwa dola milioni 1.2 kwa gemu iliyokuingizia robo milioni. Kwa mara ya kwanza, mtengenezaji angeomba dua gemu yake isipendwe sana.

Njia ya kutokea ilikuwepo, nayo ilieleza mengi: lipia Pro. Au tumia huduma nyingine za Unity, ikiwemo ya matangazo, kwani tangazo lenyewe lilisema watumiaji wa huduma hizo wanaweza kupata nafuu ya ada. Kampuni ilikuwa na shida ya fedha. Ilikuwa imeingia soko la hisa la New York mwaka 2020, ikanunua sehemu ya Weta Digital ya New Zealand kwa zaidi ya dola bilioni 1.6, kisha ikaungana na ironSource, kampuni ya matangazo ya Israel, kwa dola bilioni 4.4. Mwaka 2022 ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 900. Siwalaumu kutafuta fedha. Injini haijitengenezi, na wanaoitengeneza wanakula.

Siku ile ile maswali yakamwagika. Nikifuta gemu na kuisakinisha upya, inahesabiwa mara mbili? Mwanzoni jibu lilikuwa ndiyo, kabla jua halijatua likawa hapana. Je, mtu mwenye chuki akiandika programu ya kusakinisha gemu yangu mara laki moja ili anifilisi? Tuna mbinu za kugundua udanganyifu. Gemu ikitolewa kwa hisani, kwenye furushi la kuchangia wahitaji? Hizo hazitahesabiwa. Mtahesabuje usakinishaji, kwani? Kwa mfumo wetu wa makadirio. Yaani mdai na mwenye mizani ni mtu mmoja.

Nimesoma waliobeza wakisema wengi wa waliopiga kelele hawangefikisha hata dola 20,000, sembuse 200,000. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana hoja hiyo haifiki popote. Watu hawakulia kwa ajili ya bili. Ada ilikuwa inagusa gemu zilizokwisha kutoka, zilizotengenezwa wakati makubaliano yalikuwa mengine. Mtu aliyemaliza gemu yake 2019, akaiuza, akahamia kazi nyingine, angeamka Januari 2024 akiwa na deni jipya linalokua kila mtu anapobonyeza kitufe. Kama hilo linawezekana mara moja, basi hujui kabisa unachokitengeneza kitakugharimu nini miaka mitano ijayo.

Karatasi iliyoondolewa

Hapa jumuiya ilifanya kazi yake bora kuliko zote, na haikuhitaji kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Mwishoni mwa 2018 Unity ilikuwa imebadilisha masharti yake kwa namna iliyoikwamisha kampuni moja ya Uingereza, Improbable, na gemu zilizotegemea huduma yake. Januari 2019 kukawa na zogo. Ili kutuliza watu, Unity iliahidi mambo mawili. La kwanza: masharti yakibadilika na kukuumiza, unaweza kubaki na masharti ya zamani mradi unabaki na toleo la injini ulilokuwa nalo. La pili: masharti yatawekwa GitHub, mahali ambapo kila badiliko huacha alama ya nani alifuta nini na lini, ili yeyote aweze kulinganisha. Yalikuwa masharti mazuri. Watu wakayaamini, wakarudi kazini.

Septemba 2023, tangazo la ada likiwa bado moto, watumiaji walikwenda kutafuta ile ahadi. Ghala la masharti huko GitHub halikuwepo tena. Kile kipengele cha kubaki na masharti ya zamani nacho hakikuwepo kwenye masharti mapya ya tarehe 3 Aprili 2023. Kampuni baadaye ilisema ghala liliondolewa kwa sababu lilikuwa halisomwi na watu wengi. Huenda. Vigezo na masharti ni nani husoma, hata sisi tunabonyeza "Nakubali" huku tukitazama pembeni.

Ila kulikuwa na nakala. Baadhi zilihifadhiwa na Internet Archive, ile maktaba ya San Francisco inayopiga picha kurasa za mtandao na kuzitunza, nyingine zilikuwa kwenye diski za watu. Ndani ya siku mbili tatu maneno ya zamani yalikuwa yamewekwa bega kwa bega na maneno mapya, mstari kwa mstari, na kila mtu akaona. Hakuna aliyehitaji kuwa mwanasheria. Katika mambo yote ambayo jumuiya hii imewahi kukusanya, mafunzo, miti ya bure, sauti za nyayo, ambalo lilikuwa na nguvu wiki ile ni nakala ya karatasi kavu ya kisheria ambayo mtu fulani alikuwa na moyo wa kuihifadhi.

Nani alikuwa na rungu

Hasira pekee isingetosha. Wasimulizi wengi huliruka hili kwa sababu lina harufu ya biashara. Watengenezaji wadogo walitoa matamko. Mega Crit, waliotengeneza Slay the Spire, walisema wamekuwa wakijenga gemu mpya kwa Unity kwa zaidi ya miaka miwili na watahama mabadiliko yasipoondolewa. Lugha yao ilikuwa kali, sitairudia hapa. Massive Monster wa Cult of the Lamb waliwatania watu wanunue gemu sasa hivi, kwani Januari mosi wataifuta. Innersloth wa Among Us nao wakapaza sauti. Kikundi cha watumiaji wa Unity cha Boston, kilichokutana kwa zaidi ya miaka kumi, kikajivunja. Hili la Boston lilinigusa kuliko mengine. Hawa ndio waliokuwa wakiwapokea wageni na kuwafundisha jioni bila malipo, nao wakafunga mlango na kuondoka.

Lakini waliogusa mfuko walikuwa wengine. Studio kadhaa za gemu za simu, Azur Games na Voodoo zikiwemo, zilizima matangazo ya Unity na ironSource ndani ya gemu zao mpaka ada ifikiriwe upya. Hizo si studio za watu wawili. Zina gemu zinazopakuliwa kwa mamilioni, na matangazo ndiyo yaliyokuwa yakiingizia Unity sehemu kubwa ya fedha zake. Mtengenezaji mdogo alileta ushahidi na aibu, mkubwa akaleta njaa. Ningependa kusema sauti za wanyonge ndizo zilizoshinda, ila sioni hivyo.

Kuhama, kwa bando

Wakati huohuo macho yaligeukia injini nyingine. Unreal ya Epic ilikuwepo, nzito na yenye nguvu, lakini nayo ni kiwanja cha mtu. Iliyotajwa zaidi ni Godot. Ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 wakaitoa kama programu huria kwa leseni ya MIT. Leseni hiyo ni fupi, inaingia ukurasa mmoja. Inasema chukua, tumia, badilisha, uza, mradi ubakize jina la mwandishi. Haina kifungu cha kumruhusu mtu kurudi kesho na bei nyingine kwa toleo ambalo umeshalishika. Huko kodi ya ardhi haipo, kwa sababu kiwanja chenyewe umepewa.

Tarehe 19 Septemba, Re-Logic, watengenezaji wa gemu ya Terraria, walitangaza kutoa dola 100,000 kwa Godot na nyingine 100,000 kwa mradi wa FNA, pamoja na dola 1,000 kila mwezi kwa kila mmoja. Jina la FNA lilipita haraka kwenye habari nyingi, na lina hadithi inayostahili kusimama. Terraria ilitoka 2011 ikiwa imejengwa juu ya XNA, zana za bure za Microsoft. Miaka miwili baadaye Microsoft ikaacha kuziendeleza. Hakukuwa na ada wala ugomvi, mwenye kiwanja aliondoka tu. Ethan Lee akaanza kuandika upya XNA, kipande kwa kipande, kama programu huria, na hiyo ndiyo FNA. Wengine walikuwa wakifanya vivyo hivyo kwa jina la MonoGame, ambako Stardew Valley ilihamia. Kwa hiyo Re-Logic hawakuwa wanatoa sadaka kwa jambo walilolisikia jana. Nyumba yao wenyewe ilishawahi kubaki bila msingi.

Je, mtengenezaji wa kawaida alihama? Wengi walijaribu na kukuta kuhama ni kazi. Watu wa Unity huandika kwa lugha ya C#. Godot ina lugha yake, GDScript, na ingawa inaikubali C# pia, wakati ule toleo la 4 halikuweza kufungasha gemu ya C# kwa simu. Uwezo huo ulikuja kwa majaribio na toleo la 4.2, Novemba 2023. Kwa kivinjari haikuwezekana kabisa. Konsoli, zile mashine maalumu za kuchezea gemu, nako ni tatizo la aina nyingine: Nintendo, Sony na Microsoft huwapa zana zao waliosaini hati ya siri tu, na kitu cha siri hukiweki kwenye programu ambayo kila mtu anasoma msimbo wake. Kampuni ya W4 Games iliundwa na watu wa Godot mwaka 2022 kujaza pengo hilo, kwa malipo.

Na zaidi ya yote, maktaba ilikuwa ndogo. Ukikwama Godot saa saba usiku, uwezekano wa kukuta Mbrazil alishajibu mwaka 2014 ulikuwa mdogo sana, na majibu mengi yaliyokuwepo yalihusu toleo la 3, ambalo vitu vingi vina majina tofauti na ya toleo la 4. Nadhani ndiyo kodi halisi waliyokuwa wakilipa watu wa Unity miaka yote bila kuiona.

Kwa msomaji wa huku kwetu kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa Ulaya hawaligusi, kwa kuwa haliwaumi. Unity ni mzigo wa GB kadhaa, na kila toleo jipya ni GB nyingine. Godot ni faili moja ya makumi ya MB tu kuipakua, ambayo hata haihitaji kusakinishwa; unaifungua inafanya kazi. Templeti za kufungasha gemu ni mzigo mwingine, mkubwa kuliko injini yenyewe, lakini hizo unazihitaji siku ya mwisho. Iko hata ya kwenye simu ya Android. Si raha kuandika msimbo kwa kidole gumba, nisidanganye mtu, ila kwa kijana anayenunua bando la siku na kuazima kompyuta ya kaka yake, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataanza au hataanza.

Kurudi nyuma, kwa hatua mbili

Tarehe 22 Septemba, siku kumi baada ya tangazo, Marc Whitten wa Unity aliandika barua ya wazi iliyoanza kwa kuomba radhi. Toleo la bure halitatozwa ada hata kidogo, na kikomo cha mapato ya wanaoruhusiwa kulitumia kinapanda kutoka dola 100,000 hadi 200,000. Ada itahusu tu gemu zitakazojengwa kwa toleo kubwa litakalotoka 2024 na kuendelea, si za nyuma. Mtengenezaji atachagua kulipa asilimia 2.5 ya mapato au hesabu ya watu wapya, yoyote iliyo ndogo, na namba atazitoa yeye mwenyewe. Ghala la masharti likarudi GitHub, na ile ahadi ya kubaki na masharti ya toleo lako ikarudi pia.

Ukiisoma barua hiyo baada ya ghadhabu kupoa, inaonekana mpango wa haki kabisa. Kama ungetangazwa hivyo siku ya kwanza, sidhani kama leo tungekuwa na kisa. Lakini siku kumi zilikuwa zimetosha watu kupakua injini nyingine na kuona kumbe inafunguka.

Tarehe 9 Oktoba mkurugenzi mtendaji, John Riccitiello, aliyeongoza tangu 2014, akaondoka. Aliyeshika nafasi kwa muda ni James Whitehurst, ambaye kwa miaka mingi aliiongoza Red Hat, kampuni iliyotajirika kwa programu huria. Mambo ya dunia. Januari 2024 Unity ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 1,800, robo ya wote, na hao hawakuwa wameandika lile tangazo. Mei akaja Matt Bromberg kuwa mkurugenzi mtendaji. Tarehe 12 Septemba 2024, mwaka kamili tangu siku ya barua, akaifuta ada kwa gemu zote. Bei ya Pro ikapanda kwa asilimia 8 na ya Enterprise, toleo la kampuni kubwa, kwa asilimia 25, na hakuna aliyeandamana. Unity 6, toleo la kwanza ambalo lingetozwa, lilitoka Oktoba ada ikiwa imeshazikwa.

Waliohama, na waliowahama waliohama

Mega Crit hawakurudi. Walipotangaza Slay the Spire 2, Aprili 2024, ilikuwa juu ya Godot, na kazi ya miaka miwili ya Unity imeachwa nyuma. Brackeys, waliokuwa wameacha kutoa video mwaka 2020, wakarudi mwaka 2024 na somo la kuanza gemu kwa Godot. Kwangu mimi hilo lilikuwa na uzito kuliko dola laki za Re-Logic. Fedha hulipa waandishi wachache wa injini. Mwalimu anapohama, anahama na wanafunzi ambao hawajazaliwa kwenye fani bado, na kila mmoja wao akikwama ataandika swali, na swali litajibiwa, na rafu itaanza kujaa.

Unity haikufa, tusidanganyane. Gemu nyingi za simu bado zinatengenezwa kwayo, vyuo bado vinaifundisha, na mtu anayetafuta ajira leo atakuta jina lake kwenye matangazo mengi ya kazi. Kama una gemu iliyofika nusu kwa Unity, mimi singekushauri uitupe. Pakua masharti ya toleo lako, yaweke kwenye folda moja na mradi, endelea.

Na Godot nako hakukukosa vurugu. Mwishoni mwa Septemba 2024 ulizuka ugomvi mtandaoni juu ya ujumbe wa akaunti yao ya X, watu wakafungiwa, wengine wakadai wamefungiwa bila kosa, maneno yakawa mengi na machafu. Waliochukia hawakuwa na haja ya kuandika barua wala kuzima matangazo ya mtu. Walichukua msimbo wote, kila mstari, wakaupa jina jipya, Redot, wakaanza kuuendeleza wenyewe. Leseni ya MIT inawaruhusu. Godot ilibaki pale ilipokuwa, na msimbo wake wote. Kwenye majengo sijawahi kuona watu wakigombana, mmoja akaondoka na nyumba nzima begani, na mwenzake asubuhi akaamka yumo kwenye nyumba ileile.